Tangazo la kutafuta watu wa kujitolea kwa utafiti wa chanjo: tuangalie nini kabla ya kutia saini?

Kijana_wa_Mabanga

Jambo wandugu. Hapa Goma, kwenye lango la kituo cha afya cha kartie yetu, wamebandika tangazo. Wanatafuta watu wazima wenye afya njema, miaka 18 hadi 50, kwa utafiti wa chanjo. Ziara saba ndani ya miezi kumi na miwili, damu inatolewa, pesa ya moto (pikipiki) inarudishwa. Vijana wanataka kwenda. Wazazi wanasema tutageuzwa panya wa majaribio na damu yetu itauzwa.

Naomba wanaoijua kazi hii wanijibu. Mtu atajuaje kama utafiti ni wa kweli? Damu wanayochukua ni kiasi gani, na inakwenda wapi? Tukiambiwa wengine watapewa plasibo, yaani kitu kinachofanana na chanjo lakini si chanjo, maana yake wamedanganywa? Na mtu asiyetaka utafiti huu lakini anataka mwingine, atautafuta wapi?

---

Mratibu_Kivu

Kaka, koti jeupe na beji anaweza kuvivaa yeyote, kwa hiyo anza na karatasi. Omba namba ya usajili wa utafiti. Huwa ni herufi NCT zikifuatwa na tarakimu 8, au PACTR ikifuatwa na tarakimu 15. Ya kwanza unaiangalia kwenye ClinicalTrials.gov, sajili ya Marekani, ya pili kwenye sajili ya Afrika yote ambayo ofisi yake iko Cape Town. Kurasa ni za Kiingereza lakini simu inaweza kukutafsiria. Linganisha na tangazo: jina la chanjo, mji, mdhamini (yaani mwenye utafiti), umri wa washiriki, na kama bado wanaandikisha watu.

Hapa wengi wanakosea. Utafiti kuwa kwenye sajili hakuthibitishi kwamba ni salama. Mdhamini ndiye anayejaza taarifa hizo mwenyewe, na sajili haimpi mtu leseni. Kwa hiyo omba pia barua ya kamati ya maadili, inayokagua utafiti ili kulinda washiriki; iwe na namba, tarehe na muda wake. Kwa kawaida barua hiyo hudumu mwaka mmoja kisha huombwa upya, na barua iliyokwisha muda ni sababu tosha ya kusubiri. Kwetu kuna kamati ya taifa, CNES, na vyuo vikuu kama cha Kinshasa na cha Lubumbashi vina kamati zao. Kwa kuwa hii ni chanjo, lazima pia mamlaka ya dawa, ACOREP, iwe imeruhusu. Na ofisi ya zoni ya afya ijue. Pita hapo uulize. Kama mkuu wa zoni hajawahi kusikia utafiti unaofanyika kwenye kituo chake mwenyewe, rudi nyumbani.

Mambo ya kukufanya uondoke bila kuaga: kuombwa pesa ya kujiandikisha, hata faranga mia tano, kutolewa damu kabla ya kusoma na kutia saini, maana hata vipimo vya kuchuja watu vinahitaji kibali, kuahidiwa kwamba utapona, kunyimwa fomu uende nayo nyumbani, na kuambiwa «saini leo, kesho nafasi zinajaa». Fomu ya kibali hutolewa nakala mbili. Moja ni yako, yenye saini ya aliyekueleza, tarehe, na namba mbili za simu: ya mtafiti, na ya kamati ya maadili. Hiyo ya pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndiyo unayopiga ukiwa na malalamiko juu ya mwenye ile ya kwanza. Ipigie kabla ya kusaini, uone kama inaita.

Uliza pia ni awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza huchukua watu kama 20 hadi 100, na chanjo au dawa huenda inaingia kwenye mwili wa binadamu kwa mara ya kwanza. Swali kubwa hapo ni usalama na kipimo. Awamu ya pili ni mamia. Ya tatu ni mamia hadi maelfu, na hapo ndipo wanalinganisha kama inafanya kazi kweli. Hatari unayoibeba haifanani, na fomu lazima iseme wazi.

Kuhusu kutafuta utafiti mwingine: kwenye ClinicalTrials.gov chagua nchi, lakini uwe mwangalifu, Kongo ya Kinshasa na ya Brazzaville zimeorodheshwa mbalimbali na watu huchanganya. Kisha andika ugonjwa. Angalia tarehe ya mwisho taarifa ziliposahihishwa. Utafiti ambao tarehe yake ya kumalizika imepita na haujaguswa kwa zaidi ya miaka miwili huwekwa alama kwamba hali yake haijulikani, na hapo usipoteze nauli.

---

Mama_Laboratwari

Mwanangu, nikujibu la damu, maana ndilo linalovumishwa zaidi.

Kwa ziara moja ya kawaida wanajaza chupa mbili hadi nne. Yenye kifuniko cha zambarau hubeba mililita 4 hivi, na ndani yake mna EDTA inayozuia damu kuganda. Hiyo ni ya kuhesabu chembe za damu. Yenye kifuniko chekundu au cha njano, mililita 5 hivi, huachwa nusu saa igande, kisha inazungushwa kwenye mashine ili maji ya juu yatoke, na hayo ndiyo wanayopima kinga ndani yake. Kijiko cha chai ni mililita 5. Basi ziara moja ni vijiko viwili hadi vinne, wakati mwingine zaidi kama wanachunguza chembe za kinga zenyewe. Mtu mzima ana lita 5 hivi, na anayechangia damu hospitalini hutoa mililita 450 kwa mara moja.

Swali la kuuliza ni jumla: kwa utafiti mzima ni mililita ngapi, na nyingi zaidi ndani ya wiki nane ni ngapi? Kanuni za Marekani kwa tafiti zinazohesabiwa kuwa na hatari ndogo zinaweka kikomo cha mililita 550 ndani ya wiki nane kwa mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi. Kwa mtoto au mgonjwa ni mililita 3 kwa kila kilo, na isizidi 50. Mtoto wa kilo 10 basi mwisho wake ni 30. Wakikuambia «kidogo tu» bila namba, waambie waandike namba.

Kuuzwa? Chupa ya mililita 4 yenye dawa ya kuzuia kuganda haiwezi kuongezewa mgonjwa yeyote. Wasiwasi wenye maana uko kwingine: sampuli zinazobaki. Zitahifadhiwa miaka mingapi? Zitatoka nchini? Watachunguza mambo ya kurithi? Mara nyingi fomu ina kisanduku chake peke yake cha kukubali au kukataa sampuli zitumike kwa tafiti za baadaye, na unaweza kukataa hapo ukaendelea kushiriki. Watu hutia alama kisanduku hicho bila kukisoma kwa sababu kiko ukurasa wa mwisho na kila mtu amechoka.

Chunguza mkono wa anayekutoa damu. Chupa ibandikwe karatasi yenye namba yako, si jina, na ibandikwe mbele yako kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Chupa ya zambarau inageuzwa taratibu mara nane hadi kumi. Akiitikisa kama chupa ya juisi, chembe zinapasuka na utaitwa tena kutolewa nyingine. Baada ya sindano bonyeza pamba dakika tatu hadi tano, mkono ukiwa umenyooka. Kukunja kiwiko ndiko kunakoleta uvimbe wa bluu. Kunywa maji na kula kabla ya kwenda, isipokuwa wamekuambia ufunge. Na kama una tabia ya kuzimia ukiona damu, sema mapema wakulaze.

Jambo moja zaidi. Tafiti nyingi za chanjo hupima VVU, homa ya ini B na mimba wakati wa kuchuja. Uliza nani atakupa majibu, chumba gani, na kama kuna ushauri kabla na baada. Mtu asiyetaka kujua hali yake ajue kwamba huenda akaijua.

---

Takwimu_na_Afya

Plasibo si udanganyifu ikiwa umeambiwa kabla kwamba unaweza kuipata. Kompyuta ndiyo inayopiga kura. Muuguzi hachagui nani apate nini, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui, wala daktari hajui. Wakijua, wataanza kumtazama mwenye chanjo kwa jicho tofauti na kuandika homa yake tofauti. Ila siri hiyo si kufuli: mshiriki akiugua sana na daktari akihitaji kujua alipewa nini, kuna njia ya kufungua namba yake saa ileile. Uliza njia hiyo ipo vipi usiku na siku ya Jumapili.

Uliza pia uwiano. Uwiano wa 1:1 maana yake nusu ya watu wanapata chanjo; wa 2:1, theluthi mbili. Na kundi la pili linapata nini hasa? Maji ya chumvi, au chanjo nyingine yenye faida? Pale ambapo tiba inayofanya kazi inajulikana tayari, kumpa mgonjwa plasibo badala yake ni jambo ambalo kamati ya maadili haipaswi kulipitisha isipokuwa kwa sababu nzito sana.

Mfano uko hapahapa kwetu. Jaribio la dawa za Ebola lililoanza Novemba 2018 huku mashariki liliitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Halikuwa na plasibo hata moja. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura kwenye dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Kamati huru inayotazama takwimu njiani, ambayo si watu wa mdhamini, iliangalia matokeo ya wagonjwa 499 mnamo Agosti 2019 ikasema simamisheni: dawa mbili zinashinda waziwazi. Hesabu ya mwisho ilionyesha vifo kufikia siku ya 28 ni karibu asilimia 50 kwa ZMapp na 53 kwa remdesivir, lakini 35 kwa mAb114 na 34 kwa REGN-EB3. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kabla ya mwaka 2020 kwisha, zote mbili zilikuwa zimepata kibali Marekani. Kwa hiyo mtu akikuambia utafiti hausimamishwi hata watu wakifa, mwonyeshe huu.

Mfano wa upande wa pili: dawa ya tecovirimat dhidi ya mpox (homa ya nyani). Wagonjwa 597 huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru; wengine dawa, wengine plasibo. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: dawa haikufupisha siku za vidonda. Lakini waliofariki walikuwa asilimia 1.7 tu kwa makundi yote mawili pamoja, wakati kwa kawaida nchini ilikuwa 3.6 au zaidi. Walilazwa, walilishwa, walitibiwa maambukizi mengine. Waliopata plasibo hawakutupwa. Na dawa iliyokuwa ikitumainiwa sana ikajulikana kwamba haifanyi kilichodhaniwa, jambo ambalo bila plasibo tungelibishania hadi leo.

Hofu ya wazazi usiicheke. Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto kama 200 waliingizwa kwenye jaribio la dawa, na mgogoro mkubwa ukawa kama wazazi walielezwa na kukubali kweli. Mwaka 2009 kampuni yenye dawa hiyo, Pfizer, ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Karatasi zote ambazo Mratibu amezitaja zipo kwa sababu ya mambo ya namna hiyo.

---

Reco_Karisimbi

Naongeza ya ratiba, maana ndiyo inayoharibu tafiti nyingi hapa mjini kuliko sindano yenyewe. Kuanzia Novemba 2019 chanjo ya pili ya Ebola ilitolewa kwa utafiti Majengo na Kahembe. Ilikuwa dozi mbili zisizofanana, ya pili siku 56 baada ya ya kwanza, na zaidi ya watu 20,000 walipata dozi ya kwanza. Kisha Machi 2020 ikaja Corona, mipaka ikafungwa, ratiba ikavurugika. Goma ni mji wa watu wanaosafiri: leo Gisenyi, kesho boti ya Bukavu, wiki ijayo shambani Masisi. Kabla ya kusaini chukua kalenda uhesabu ziara zote. Kila ziara ina dirisha, kwa mfano siku tatu kabla au saba baada, na ukilipita dirisha sampuli yako inapungua thamani au haitumiki kabisa. Toa namba za simu mbili, moja iwe ya jirani asiyehama. Namba zinabadilika hapa kama mvua, na mtu akipotea hawawezi kujua kama ni mzima au amelazwa mahali.

Pesa: wanachorudisha ni nauli, chakula na muda uliopoteza, na walipe kwa kila ziara, si rundo moja mwishoni. Rundo la mwishoni ni kamba ya kukufunga. Anayefika kuchujwa akakutwa hafai naye arudishiwe nauli yake. Pesa ikiwa nyingi hadi mtu anaficha ugonjwa wake ili aipate, hapo kamati ya maadili ilipitiwa na usingizi.

---

Kijana_wa_Mabanga

Aksanti sana wote. Yamebaki mawili. Mtu akitaka kuacha katikati inakuwaje? Na kuna mzee mmoja, anatimiza umri lakini hajui kusoma, fomu yao ni ya Kifaransa, kurasa 14. Mtoto wake amesema atamsainia.

---

Mratibu_Kivu

Mtoto hamsainii mzee mwenye akili timamu. Lazima iwepo fomu ya Kiswahili iliyopitishwa na kamati. Kutafsiriwa papo hapo na yeyote aliyekaa karibu haitoshi. Anasomewa yote, mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, na shahidi anakaa tangu mwanzo hadi mwisho, haitwi dakika ya kusaini. Mzee anaweka dole gumba, shahidi anaandika jina, saini na tarehe. Mtoto anaweza kuwa ndiye shahidi. Vivyo hivyo, kibali cha mume hakichukui nafasi ya kibali cha mke. Kwa mtoto mdogo mzazi husaini, na aliyekwisha kuelewa mambo naye aulizwe, akikataa, amekataa.

Njia nzuri ya kupima kama mzee ameelewa: aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanyiwa nini, anaweza kudhurika vipi, na kama anaweza kupewa plasibo. Akisema «ni chanjo ya serikali ya kunikinga», hajaelewa, warudie. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote: kudhani utafiti umetengenezwa kwa faida yako binafsi kama matibabu ya daktari wako. Umetengenezwa kujibu swali. Unaweza kufaidika, unaweza usifaidike.

Kuacha: wakati wowote, bila kutoa sababu, na huduma zako za kawaida kituoni haziguswi. Waambie tu, usipotee. Takwimu zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki. Sampuli unaweza kuomba ziteketezwe kama bado hazijapimwa. Watakuomba ziara moja ya mwisho ya usalama na ni vizuri kwenda, kwa sababu chanjo ikishaingia hairudi, na wewe mwenyewe unataka kujua uko salama. Kama ni utafiti wa vidonge, hasa vya kifafa au presha, usikate ghafla. Kuna namna ya kupunguza.

---

Mama_Laboratwari

Na kukutwa hufai si aibu, mwambieni kila mtu. Damu pungufu, presha, mimba, chanjo nyingine ndani ya wiki nne zilizopita, kuwa kwenye utafiti mwingine: hayo ndiyo yanayowatoa wengi. Usifiche dawa unazokunywa, hata za kienyeji. Zinaweza kuathiri ini, kisha chanjo ikalaumiwa, au wewe ukadhurika na hakuna anayejua kwa nini.

Kwa wasichana: mkojo unapimwa mimba kabla ya kila dozi, na fomu inasema utumie uzazi wa mpango hadi lini. Mimba ikiingia, dozi zinasimama lakini wao wanaendelea kukufuatilia hadi mtoto azaliwe. Ulizeni nani analipa gharama hizo.

---

Reco_Karisimbi

Siku ya dozi yenyewe usikimbilie moto nje. Utakalishwa dakika 30, wakati mwingine 15, kwa sababu mzio mkali ukija huja upesi, na adrenalini lazima iwe chumba hicho. Kisha unapewa daftari la kujaza jioni kwa siku saba: joto la mwili, uchungu, uvimbe. Pimajoto na rula wanakupa. Wekundu unapimwa kwa rula, haukisiwi. Jaza kila jioni. Wanaojaza siku zote saba asubuhi ya ziara, kwa kalamu moja, wanajulikana mara moja.

Ukilazwa popote, hata kwa ajali ya pikipiki isiyohusiana na chanjo, wapigie siku hiyohiyo, maana wana saa 24 za kumjulisha mdhamini. Beba kadi ya mshiriki kila uendako, ina namba yako na simu ya saa zote, na muonyeshe daktari yeyote kabla hajakuandikia kitu. Kwenye fomu tafuta mstari wa bima: madhara yakitokana na utafiti, nani analipa, hadi lini, na hospitali gani. Ukikuta wameandika tu «utapata matibabu yanayofaa», rudisha kalamu mezani hadi waandike nani.